Ubeti wa Tatu wa Wimbo wa Estelle

Lubumbashi, 13 Septemba 1992

Mpwa wangu Albertine,

Barua hii ikukute umeketi. Siku hizi naona watu wote wa nchi hii wamesimama, kila mmoja anatazama mlango. Sisi hapa tunaendelea. Mguu wa Mama Claudine umevimba tena, lakini fimbo anaikataa. Anasema fimbo ni ya wazee, naye ameolewa na mzee, kwa hiyo nyumbani mmoja anatosha. Huko shambani Kasungami tumevuna viazi vitamu vya kutosha, na mahindi yanangoja mvua. Wanafunzi wangu wa gitaa walikuwa kumi na mmoja kabla ya uporaji wa mwaka jana. Sasa wamebaki wanne, na mmoja wao, Jemima, nadhani anafuata zaidi viazi vya mke wangu kuliko gitaa langu.

Msalimu sana mumeo Adrien. Nimesikia yanayotokea kwenu Likasi na sipendi kuyarudia kwenye karatasi. Baba yake alitoka Kasai kuja kuchimba shaba kabla mimi sijaota ndevu. Adrien amezaliwa Likasi, ameoa Likasi, na hiyo Kasai anayoambiwa arudi hajaiona hata mara moja. Lakini vijana wenye marungu hawaulizi mtu alizaliwa wapi. Wanauliza jina la baba.

Sasa nije kwenye wimbo wetu. Beti mbili ulizoleta nimezitia gitaa, na zimekaa vizuri:

Nani anakuja barabarani?
Ni jua, mwanangu, amka.
Amka uone lilivyo mapema.

Nani anakuja juu ya bati?
Ni mvua, mwanangu, sikia.
Sikia inavyotembea.

Bado ubeti wa tatu, na mwanao Estelle anatimiza miaka kumi mwezi wa kwanza. Ningekuomba, kama si majivuno, safari hii aje Kambo wake, yaani mimi babu yake, na gitaa. Lakini maneno ni yako, mimi nangoja.

Mara ya mwisho mtoto aliniuliza, "Kambo, mbona jina yako haiko kwa kaseti?" nami nikacheka bila kumjibu. Msomee hapa. Kwa miaka thelathini nimepiga gitaa kwenye nyimbo za watu wengine. Unaitwa studio, unaambiwa wimbo uko juu au chini, unapiga, unakwenda zako. Maneno huja baadaye, wakati mwingine kesho yake, na mwimbaji mwingine. Kazi hiyo ina sheria yake: aliyekodiwa haulizi. Ila nyumbani, tangu nilipotunga na marehemu mama yako hadi sasa ninapotunga na wewe, sheria ni nyingine: maneno kwanza. Unanisomea, nagonga meza kwa vidole, na gitaa linashikwa mwisho. Gitaa lisilojua maneno ni kama mtu anayeitikia "ndiyo" kabla hajaulizwa.

Na afanye zoezi lake kila siku. Neno linalofunga mstari, kidole gumba; neno hilohilo likirudiwa kufungua mstari unaofuata, kidole cha pete. Wazee walionifundisha walipiga kwa vidole viwili tu. Hicho cha pete ni ukaidi wangu, na katika wote niliowafundisha ni Estelle peke yake aliyekubali kukisumbua.

Jumapili tarehe 4 Oktoba nitakuja kumchukua akae kwetu mpaka mambo yatulie. Adrien asione vibaya. Kwao mtoto ni wa baba, najua. Lakini kwetu ni wa ukoo wa mama, na mimi ndiye mjomba. Mwambie Estelle nitakuja na lile gitaa dogo, atanisikia kabla hajaniona.

Mjomba wako,
Ézéchiel Mwape


Likasi, gare, 1 Novemba 1992

Mjomba,

Pokea salamu zetu, wewe na Mama Claudine, na pole kwa mguu wake. Barua yako aliileta Alexis, yule jirani yetu wa ukuta mmoja. Aliificha ndani ya mkate. Mkate tumekula, barua ninayo.

Tuko hapa gare, kwenye stesheni ya treni, tangu tarehe 29 Septemba. Walikuja Jumanne asubuhi, nikiwa nafua. Tuliondoka na magodoro mawili, sufuria, cherehani, sanduku la vyeti na daftari langu la nyimbo. Tunalala pembeni mwa reli ya tatu, chini ya mashuka tuliyoyashona pamoja. Watu ni wengi kuliko nilivyowahi kuona sokoni, na bomba la maji ni moja.

Kijana mmoja katika wale waliotutoa alikuwa wa kwaya yangu, sauti ya pili. Aliniambia kwa upole kabisa, "Mama Albertine, weye uko mutoto wa hapa. Bakia. Bwana yako njo anaenda." Nikamuuliza, "Na mutoto?" Akasema, "Mutoto iko wa baba." Nikacheka, Mjomba, katikati ya vyombo vyangu vilivyotupwa nje. Wanasema wanalinda nchi ya wazee wetu, na mila ya wazee wetu hawaijui.

Siku ileile aliyoleta barua nilimpa Alexis ujumbe kwamba ukija tarehe 4 akuelekeze huku. Anasema hukuja.

Estelle ana homa kidogo. Anasema amekusikia ukipiga. Nimemwambia magitaa mengi yanafanana.

Mjomba, siku hizi unapiga wapi?

Ubeti wa tatu sijauandika.

Albertine


Lubumbashi, 29 Novemba 1992

Mpwa wangu,

Barua yako imechukua karibu mwezi mzima kufika, na njia ya gari ni masaa matatu. Nimeisoma mbele ya Mama Claudine; amelia, kisha akaanza kufunga mzigo ambao utaupata pamoja na karatasi hii: maharagwe, chumvi, sabuni, dawa za homa na sweta la Estelle alilolisahau hapa wakati wa Pasaka. Anayeleta ni Paluku, mfanyabiashara kutoka Butembo, anayeuza samaki wa chumvi wa Kilwa ya huku kwetu ziwani. Anapita kwenye vizuizi vyote kwa sababu kila aliyeweka kizuizi anapenda samaki. Ni mtu wa kanisa na anatunza barua kuliko fedha zake.

Tarehe 4 sikuweza kuja. Njia ilikuwa mbaya na mguu wa mke wangu ulikuwa umezidi. Nisamehe.

Kuhusu alichosikia Estelle, ulimjibu sawa. Hebu nikueleze, maana jambo hili hata wanamuziki hulichanganya. Mpigaji akiishi miaka mingi mahali pamoja, namna yake inaingia mikononi mwa wengine. Mmoja anakusikia harusini, anakuiga. Wa pili anamwiga yule wa kwanza. Baada ya miaka kumi unapita dirishani mwa mtu unasikia mkono wako, na wewe hukuwahi kuingia nyumba ile. Tena spika mbaya hufanya magitaa yote yawe mamoja. Mimi sijaingia studio tangu mwaka jana. Nafundisha wanne wangu, basi.

Shingo ya gitaa dogo ilikuwa imepinda. Chanda seremala ameinyoosha kwa mvuke na kuifunga kambani siku tisa. Sasa gitaa linalia kama jipya. Linamngoja mwenyewe. Homa imeshuka? Hata akiwa amelala anaweza kufanya zoezi kwenye ubao, bila nyuzi. Kidole gumba, kisha cha pete.

Nasubiri ubeti.

Mjomba wako,
Ézéchiel


Mwene-Ditu, 21 Februari 1993

Mjomba,

Salamu kwenu nyote wawili. Mzigo ulitufikia gare mwezi wa kumi na mbili, mwambie Mama Claudine asante. Maharagwe tuligawana na waliokuwa karibu yetu. Paluku ni mtu mwema.

Treni yetu ilikuja Januari. Tulikuwa siku kumi na moja ndani ya behewa la mizigo. Ilikuwa ikisimama porini bila sababu, na watu walikuwa wakishuka kuzika, kisha wakipanda tena. Mimi na Adrien tumefika. Huku Kasai tunaitwa Wakatanga. Adrien akifungua mdomo wanacheka Kiluba chake, wanasema kimejaa Kiswahili. Bibi mmoja alimuuliza, "Na wewe ulikuja huku kufanya nini?"

Tumejenga kwa miti na plastiki karibu na njia ya reli. Cherehani linafanya kazi. Jumapili nafundisha kwaya ya waliofukuzwa. Tuna sauti tatu nzuri, ya nne haipo, watoto wa sauti ya juu ni wachache.

Usitume nyuzi za gitaa wala daftari la mazoezi. Gitaa dogo mpe mtoto mwingine.

Albertine


Lubumbashi, Jumapili ya Pasaka, 11 Aprili 1993

Mpwa wangu Albertine,

Leo ni Pasaka na nimekosa namna ya kukusalimu, basi nikusalimu kama kawaida: sisi wazima, mahindi yalizaa, mguu uko vilevile.

Barua yako nimeisoma mara nne, kama ninavyosikiliza kaseti nikitafuta mahali palipokosewa. Umetaja cherehani. Umetaja kwaya, sauti ya kwanza hadi ya nne. Umeandika "mimi na Adrien tumefika". Kuna jina moja halimo, na sweta nililotuma hukulitaja.

Najua kwamba mtu hujibiwa kwa kadiri anavyosema, nami sikukuambia kweli. Julai ya mwaka jana niliitwa studio. Nilikuwa sijaitwa miezi kumi na minne. Walikuwa vijana nisiowajua, wenye chombo kizuri cha kurekodia. Nilipiga nyimbo mbili kwa siku moja, gitaa na ngoma peke yake. Unajua kazi yetu inavyokwenda: gitaa linatangulia, maneno yanabandikwa baadaye. Septemba nikausikia wimbo mmoja sokoni, na maneno yaliyobandikwa juu yake yalikuwa yale unayoyajua, ya kuwaambia watu wafunge mizigo. Gitaa lilikuwa langu. Niliona aibu kukuambia. Sheria yetu ni kutouliza, na sikuuliza.

Hivyo Estelle hakukosea. Ana sikio kuliko mwalimu wake. Mwambie Kambo amekiri.

Sasa nakuomba jambo moja tu, na niambie hata kama ni kwa neno moja. Estelle yuko wapi?

Ézéchiel


Mwene-Ditu, 20 Juni 1993

Mjomba,

Salamu kwako na kwa Mama Claudine. Barua yako nilikaa nayo mwezi mmoja. Sasa nakuandikia mara moja, na sitarudia.

Jumanne tarehe 20 Oktoba treni ilipangwa pale gare. Adrien alipigana tangu alfajiri, akapata nafasi katika behewa la tatu. Estelle alikuwa amekwisha kupanda, ameketi mlangoni juu ya godoro, na mimi nilikuwa chini nikipitisha vyombo. Hapo wale vijana wakaleta gari dogo lenye spika hadi kwenye uzio, watuimbie wakati wa kuondoka. Gitaa lilianza peke yake, kama ulivyosema, maneno bado. Estelle akasimama.

Alipiga kelele, "Ni Kambo! Ni Kambo njo anapiga! Anakuya kutubeba!" Akamwambia baba yake, "Niliwaambia atakuya!" Kila siku tangu tarehe 4 alikuwa ametuambia hivyo, Mjomba, kwa sababu uliandika kwamba atakusikia kabla hajakuona. Mimi ndiye niliyemsomea.

Aliruka. Watu walikuwa wengi sana. Nilimkuta mchana kwenye uzio, ameshika waya kwa mikono miwili, anatazama lile gari, anangoja ushuke. Nikamwambia, "Kambo hayuko." Akaniambia, "Mama, iko anajificha. Sikiliza kidole." Treni ilikuwa imekwenda. Adrien alikuwa ameruka kutufuata. Godoro na sufuria vilikwenda na behewa.

Tulibaki. Siku zile watu walianza kuharisha, bomba lilikuwa lile moja. Nilipokuandikia Novemba nilisema homa kidogo. Haikuwa homa na haikuwa kidogo. Alifariki tarehe 12, Alhamisi. Alikuwa na miaka tisa na miezi kumi. Dawa zako na sweta vilifika mwezi uliofuata. Sweta nimempa mtoto wa jirani, kwa kuwa baridi haingoji.

Adrien anasema ni gitaa lililomuua. Mimi nasema ni maji. Tumegombana juu ya hilo mpaka tumechoka, sasa hatusemi.

Lakini ipo sababu nyingine ya kukaa na barua yako mwezi mzima. Nimeusikia wimbo ule siku nyingi, Mjomba, hata nisipotaka ninao kichwani. Mstari wa kwanza unaishia "wageni wote warudi", na wa pili unaanza "warudi kwao". Neno linafunga kwa kidole gumba, linarudiwa kwa cha pete. Amka, amka. Sikia, sikia. Hakuna mtu Katanga anayekata maneno hivyo isipokuwa wewe, na mimi kwa kuwa ulinifundisha.

Umeandika kwamba ulipiga bila kujua maneno. Nani alikata mstari ule?

Albertine


Lubumbashi, 8 Agosti 1993

Albertine,

Ni mimi.

Nilitaka kuishia hapo, kisha nikaona kwamba kuishia hapo ni kujificha tena. Umekuwa na haki ya kuelezwa kila kitu tangu mwanzo, na kueleza ndiyo kazi niliyodai kuijua.

Siku ya kwanza, Julai, nilipiga bila maneno. Hilo ni kweli. Siku ya pili niliitwa tena. Vijana walikuwa na karatasi na hawakuweza kuiimba. Mstari wao ulikuwa mmoja mrefu: "Wageni wote warudi kwao na mizigo yao." Walikuwa wakiukimbiza, wanafika mwisho gitaa limekwisha kupita. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti, gitaa mapajani, nasikiliza. Niliyaelewa maneno, Albertine. Nilijua wageni ni nani. Nilimfikiria Adrien, namwona kabisa na miwani yake. Na bado kitu kilichoniudhi kwanza kilikuwa silabi.

Nikasema, "Mstari huu unasomwa, hauimbwi. Kateni hapa, kisha mrudie neno." Nikawaonyesha kwa kugonga meza. Walijaribu mara moja, ukakaa. Wakapiga makofi. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, weye njo fundi." Nilikuwa sijaambiwa hivyo siku nyingi. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi, na Mama Claudine akaniuliza kuna habari gani njema.

Kabla ya hapo, nadhani, ulikuwa wimbo wa vijana kumi wasiojua kuimba. Baada ya hapo kila mtu aliuweza, hata watoto. Sijui kama ungeenea bila mimi. Nimejaribu kujiambia kwamba ungeenea. Mwanafunzi angeniletea hesabu ya namna hiyo, ningemrudishia daftari lake.

Kuhusu tarehe 4 Oktoba: njia ilikuwa mbaya, lakini magari yalikuwa yanapita. Mguu wa mke wangu haukuwa umezidi. Niliamka, nikavaa suti, nikachukua gitaa dogo likiwa ndani ya mfuko, nikafika kwenye kituo cha magari ya Likasi. Pale kituoni wimbo ulikuwa unapigwa. Wasichana wawili wadogo walikuwa wanaucheza, mmoja ana urefu wa Estelle. Walipofika kwenye "warudi, warudi" walipiga makofi mahali hasa nilipowawekea. Nikawaza: nitafika Likasi, Albertine atanitazama. Nikarudi nyumbani. Nilisema hakuna gari.

Kama ningepanda, angekuwa hapa.

Mama Claudine nimemwambia yote siku barua yako ilipofika. Alikwenda nyuma ya mlango, akaichukua ile fimbo aliyoikataa miaka miwili, akaondoka kwa miguu kwenda kwa dada yake. Ni wiki ya tatu. Wanafunzi wangu nimewaambia pia. Jemima aliniuliza, "Mwalimu, weye ulijua maneno?" Nikasema nilijua. Aliliweka gitaa chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto, akaenda. Wiki iliyofuata hakuja, hata kwa viazi.

Julai mwishoni nilikwenda Likasi. Njia ilikuwa masaa matatu. Alexis alinipeleka mahali walipozika watu wa gare. Ni vilima vingi vya udongo, majani yameota, vingine vina jiwe, vingine chupa. Hakuna jina hata moja. Nilisimama na gitaa dogo sikujua nielekee wapi. Alexis alisema wewe uliweka alama, lakini hajui ni ipi. Nakuomba uniambie ni ipi. Sitapiga kitu. Nataka tu kujua pa kusimama.

Pamoja na barua hii Paluku anakuletea kaseti ile. Niliinunua sokoni. Ukiona jalada lake, lina jina la kundi na picha ya jua. Miaka thelathini nimelalamika kwamba hatuandikwi, sisi wa kukodiwa, na mara hii moja nilishukuru. Nimeandika mwenyewe kwa kalamu, pale chini ya picha: gitaa, na mkato wa mstari wa pili, Ézéchiel Mwape. Nimeandika vilevile kwenye kaseti tatu nyingine alizokuwa nazo yule muuzaji. Alidhani ni sahihi ya msanii, akafurahi.

Sikuombi msamaha kwa sababu ukiombwa utalazimika kujibu, nawe una mizigo ya kutosha. Msalimu Adrien ikiwa atapokea. Mwambie kwamba juu ya gitaa na maji yeye na wewe msigombane tena. Nimekaa nalo nikaona kwamba mnaweza wote wawili kuwa sawa.

Mjomba wako,
Ézéchiel Mwape


Mwene-Ditu, 31 Oktoba 1993

Kwa Mama Claudine, popote alipo, salamu zangu, na mguu upone. Mjomba, mpelekee salamu hizi mwenyewe, kwa miguu.

Tuko wazima. Adrien amepata kazi ya kuandika majina ya wanaofika, maana bado wanafika, sasa kutoka Kolwezi. Mvua imeanza na plastiki inavuja upande mmoja.

Kaseti ilifika. Hakuna aliyeipiga. Adrien alilisoma jalada kwa muda mrefu, miwani mkononi, kisha akasema, "Basi ameandika." Akaiweka katika sanduku la vyeti, chini ya cheti cha ubatizo cha Estelle. Usiku ule tulikula pamoja.

Umeniuliza alama. Naijua, ninaiona nikifumba macho. Bado sijajua kama nitakuambia.

Ila ulingoja ubeti wa tatu, na ahadi yangu niliitoa kabla ya haya yote. Nimeumaliza. Nimeukata kama ulivyonifundisha, sijui namna nyingine. Usiutie gitaa.

Nani anakuja na gitaa?
Si Kambo, mwanangu, kaa.
Kaa hapa mkono wangu ulipo.

Albertine